Kasisi Mpanda Mawaridi: Habari za Maisha ya Joseph Hardwick Pemberton (1852–1926)



Mara nyingi katika magazeti ya Kanisa husimuliwa habari za maaskofu, wamisionari na mashahidi wa imani. Hizo ni habari njema, nasi twajengwa nazo. Lakini si kila mtumishi wa Mungu huitwa kwenda mbali au kukalia kiti kikubwa. Wako walioitwa kukaa mahali pamoja na kufanya kazi ndogo kwa uaminifu, mpaka kazi hiyo ikawafikia watu wasiowajua kabisa. Leo nawaletea habari za mmoja wao, kasisi wa Kanisa letu la Anglikana, aliyekaa karibu na kijiji alimozaliwa, akahudumia kanisa dogo, na akapanda mawaridi. Jina lake ni Joseph Hardwick Pemberton. Wapandao maua katika nchi nyingi wanalijua jina hilo, ila sisi Waanglikana wenzake wengi wetu hatulijui.

Hapa Ujiji waridi si mgeni. Wengi wetu tuliijua harufu yake kabla ya kuliona ua lenyewe, maana marashi ya waridi hunyunyizwa harusini na katika maulidi ya jirani zetu Waislamu, kwa desturi iliyotoka pwani. Basi tusome habari za mtu aliyelipenda ua hili tangu utoto hata kufa kwake.

KUZALIWA NA MALEZI

Pemberton alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Havering-atte-Bower, huko Essex, Uingereza. Kijiji hicho kiko juu ya kilima, kaskazini ya mji wa Romford, wala si mbali na London. Ili tupate kuuelewa wakati wenyewe, tukumbuke kwamba ilikuwa miaka sita kabla Burton na Speke hawajafika hapa Ujiji mwaka 1858. Na Livingstone na Stanley walipokutana katika mji wetu mwaka 1871, Pemberton alikuwa kijana wa miaka 19.

Nyumba ya kwao iliitwa Round House, yaani Nyumba ya Mviringo, kwa sababu kuta zake zimezunguka kama yai. Humo alilelewa pamoja na ndugu yake wa kike, Florence. Baba yao alipenda sana mawaridi, naye ndiye aliyewafundisha watoto hao kuyatunza. Joseph alipokuwa bado mtoto alijifunza kubebesha, yaani kulichukua jicho la mwaridi mzuri na kulitia chini ya gome la mwaridi wa mwituni wenye mizizi ya nguvu, kisha kulifunga mpaka lishike. Wakulima wa michungwa wanaijua kazi hiyo. Inataka kisu kikali, mkono mtulivu na moyo usio na haraka.

Joseph na Florence hawakuoa wala kuolewa. Waliishi pamoja na kufanya kazi ya bustani pamoja kwa maisha yao yote. Tukisema Pemberton alifanya hili au lile, yafaa tukumbuke kwamba mara nyingi mikono ilikuwa minne.

KAZI YA KANISA

Katika miaka ya 1880 aliwekewa mikono, akaanza utumishi katika mji wa Romford. Baadaye alipewa kazi ya kulitunza kanisa la Kupaa kwake Bwana katika kitongoji cha Collier Row, karibu na kwao. Siku hizo Collier Row palikuwa mahali pa mashamba. Huko alihudumu hata uzee wake. Hakupanda ngazi ya vyeo, na kama si mawaridi, pengine jina lake lingebaki katika daftari za ubatizo na ndoa tu.

MASHINDANO YA MAWARIDI

Uingereza ya wakati ule ilikuwa na desturi ya kushindanisha mawaridi. Mwanzilishi wake mkuu alikuwa kasisi mwingine wa Anglikana, Samuel Reynolds Hole, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kanisa kuu la Rochester. Yeye ndiye aliyeandaa maonyesho ya kwanza ya kitaifa ya mawaridi mjini London mwaka 1858, mwaka ule ule ambao Burton na Speke walifika Ujiji. Mwaka 1876 Chama cha Taifa cha Mawaridi kiliundwa, na Hole akawa rais wake wa kwanza.

Pemberton naye aliingia katika mashindano hayo, akashinda mara nyingi. Maua yalikatwa moja moja, yakapangwa ndani ya masanduku, na waamuzi wakapita wakiangalia ukubwa na umbo la kila ua. Lakini desturi hii ilikuwa na kasoro yake. Kwa kuwa ua moja kubwa ndilo lililoleta zawadi, watu waliacha kuuangalia mti wenyewe. Wengine walikuwa na miwaridi dhaifu, yenye magonjwa, inayotoa maua machache, mradi tu ipatikane siku moja ua la kupeleka sandukuni.

Pemberton aliliona jambo hilo. Siku moja alipeleka kwenye maonyesho mawaridi ya zamani, yale yaliyokuwa yakipandwa na bibi zetu, kama tungesema sisi, ambayo watu wa mitindo walikuwa wameyatupa. Akayaita kwa jina hilo hilo, mawaridi ya bibi. Watu walisimama kuyatazama, maana harufu yake iliwakumbusha bustani za utotoni. Kuanzia hapo wengi walianza kuyatafuta tena.

Mwaka 1908 alichapisha kitabu kikubwa juu ya historia ya mawaridi na jinsi ya kuyalima. Mwaka 1909 Chama kilimpa nishani yenye jina la Hole, na mwaka 1911 akawa rais wa Chama. Mtu mwingine angesema sasa imetosha, kazi imekwisha. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 60.

KAZI ILIYOANZA UZEENI

Ajabu ya maisha ya Pemberton ni kwamba kazi iliyomletea jina ilionekana kwa watu baada ya kutimiza miaka 60. Mpaka wakati huo alikuwa akiyatunza mawaridi yaliyozalishwa na wengine. Sasa akataka kupata mawaridi mapya, yenye mti imara kama kichaka, yatoayo maua kwa vichala, yasiyochoka mpaka baridi ya mwisho wa mwaka, na juu ya yote yenye harufu.

Mawaridi mapya hupatikanaje? Sisi watu wa Kigoma twaweza kuielewa kazi hii kwa kuuangalia mchikichi. Wako michikichi ya aina ya dura, ambayo tunda lake lina kokwa yenye gamba nene. Iko ya pisifera, isiyo na gamba hilo gumu, lakini aghalabu hushindwa kuzaa vizuri. Chavua ya pisifera ikitiwa juu ya ua la dura, hupatikana mchikichi chotara uitwao tenera, wenye gamba jembamba, nyama nyingi na mafuta tele. Ndiyo mbegu inayozalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga, hapa mkoani kwetu.

Kwa waridi mambo ni hayo hayo, ila mkono wa mtu huhitajika zaidi. Ua hufunguliwa kabla halijachanua. Petali huondolewa, na vijiti vyenye chavua hukatwa vyote, ili ua lisijichavushe lenyewe. Kisha chavua ya waridi jingine hupakwa kwa brashi ndogo juu ya sehemu ya kike, ua likafunikwa kwa mfuko, likafungwa kibandiko chenye majina ya baba na mama. Tunda likiiva, mbegu hutolewa na kupandwa. Mchikichi wa tenera wajua mapema utakavyokuwa, lakini kwa waridi kila mbegu ni mtoto mwenye sura yake. Miche mia huleta maua ya namna mia, na karibu yote hayafai. Ule mmoja unaofaa hubebeshwa, ukaangaliwa mwaka baada ya mwaka, kwenye jua, mvua na baridi. Huweza kupita miaka mitano, sita au zaidi kabla mpandaji hajathubutu kuupa jina. Kwa mzee wa miaka 60 hesabu hiyo si ndogo.

Wakati huo aina iliyotawala bustani iliitwa chotara wa chai. Iliitwa hivyo kwa kuwa mzazi wake mmoja alitoka katika mawaridi ya asili ya Uchina, ambayo watu walisema yana harufu ya majani ya chai. Waridi linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina hiyo ni La France, lililopatikana Ufaransa mwaka 1867. Pemberton alichukua mawaridi ya chai na machotara wake, akayachanganya hasa na Trier, waridi la Mjerumani Peter Lambert, lenye maua madogo kwa vichala vikubwa.

Mwaka 1913 alitoa mawili ya kwanza, Moonlight, yaani Mbalamwezi, na Danaë. Mwaka huo huo reli ya kati ilikuwa ikikaribia Kigoma, nayo ikafika mwaka 1914. Mwanzoni watu wa Chama hawakujua wayaweke wapi mawaridi haya, wakayahesabu miongoni mwa machotara wa chai. Baadaye ndipo yalipopewa fungu lake, yakaitwa machotara wa miski, kwa sababu ya harufu yake inayotangulia mbele ya ua. Wengi wenu mwajua miski ni nini.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Ziwa letu nalo halikupona. Meli ya Graf von Götzen iliunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916. Vita ilipokwisha mwaka 1918, Pemberton alitoa waridi jeupe akaliita Pax, neno la Kilatini lenye maana ya amani. Mwaka uliofuata akatoa Prosperity, yaani Neema. Kasisi huyu alijua kwamba hata jina la ua laweza kuwa sala.

Mwaka 1923 likatoka waridi jekundu liitwalo Nur Mahal. Ni jina la malkia wa Wamogoli wa India, nasi wasema Kiswahili twaweza kulisikia neno nuru ndani yake. Mzazi wake mmoja alikuwa Château de Clos Vougeot, chotara wa chai kutoka Ufaransa, waridi la rangi nyekundu iliyokolea hata kukaribia weusi, na harufu kali. Mwaka 1924 akatoa Penelope, na mwaka 1925 Cornelia. Bado yanapandwa hata leo katika nchi nyingi.

KUFA KWAKE, NA WALIOPOKEA JEMBE

Joseph Pemberton alifariki mwezi Julai mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 73. Kitaluni alikuwa ameacha miche ambayo haikuwa tayari. Hapa ndipo pangekuwa mwisho wa kazi, kama angeifanya peke yake na kuificha siri yake kifuani. Lakini Florence alikuwapo. Aliendelea na kitalu, akaitoa miche ya ndugu yake kila ilipokomaa. Mwaka 1927 lilitoka waridi jekundu la vichala liitwalo Robin Hood. Ndio mwaka ule ambao meli yetu iliyozamishwa ilianza tena safari katika ziwa, kwa jina la Liemba. Mwaka 1928 likatoka Felicia, waridi lenye harufu nzuri mno.

Florence naye alipofariki, kazi haikupelekwa kwa watu wakubwa. Iliendelezwa na mtunza bustani wao, John Bentall, pamoja na mkewe Ann. Watu hawa walikuwa wamefanya kazi chini ya Pemberton, wakajifunza kwa kuona na kwa kushika. Wao ndio waliotoa Ballerina mwaka 1937 na Buff Beauty mwaka 1939, mawaridi ambayo leo hupandwa bega kwa bega na yale ya mwalimu wao, na wengine huyapenda zaidi.

Habari ya Robin Hood haikuishia hapo. Mjerumani mmoja mzalishaji wa mawaridi, Wilhelm Kordes, aliliona kuwa mzazi mwema, akalitumia mara nyingi. Mwaka 1958 kutoka kwa Robin Hood na waridi jingine jeupe liitwalo Virgo, nyumba ya Kordes ilitoa Iceberg, waridi jeupe ambalo limekuwa mojawapo ya mawaridi yaliyoenea sana duniani. Pemberton hakuliona. Hakumwona hata mzazi wake mwekundu akiuzwa. Alikuwa amekwisha kulala miaka 32 kaburini.

HARUFU ILIYOPOTEA

Pemberton hakuwa peke yake katika kundi la wapandaji ambao maua hayakuwa kazi yao ya kwanza. Mwingereza mwingine, Albert Norman, kazi yake ilikuwa ya almasi, na bustani ilikuwa pumziko lake. Naye ndiye aliyezalisha Ena Harkness, chotara wa chai mwekundu mwenye harufu tamu, aliyetolewa mwaka 1946. Shingo yake ni dhaifu kidogo, ua huinama likichanua, lakini watu walilisamehe kwa ajili ya harufu na rangi.

Nayataja haya kwa sababu siku hizi mawaridi ya biashara yanalimwa kwa wingi hapa Afrika ya Mashariki. Kule Naivasha, Kenya, na Arusha kwetu, hukatwa na kusafirishwa kwa ndege kwenda Ulaya. Ni kazi inayolisha nyumba nyingi. Lakini mengi ya maua hayo ukiyapeleka puani hayana kitu. Yamechaguliwa kwa bua refu, kwa petali ngumu, kwa kuvumilia safari na kukaa siku nyingi ndani ya maji, na katika kuchagua hayo, harufu aghalabu imesahauliwa. Ni hatari ile ile aliyoiona Pemberton katika masanduku ya mashindano: kitu hupendeza macho, na kile kilichokifanya kipendwe kimeondoka. Nasi kanisani tujihoji. Kwaya yaweza kuwa na sare mpya na vyombo vya kisasa, na sala zikawa zimekauka.

JE, YAFAA KASISI KUSHINDA BUSTANINI?

Najua wako watakaouliza swali hili, nao wana haki kuuliza. Watu wana njaa, watoto hawana daftari, wagonjwa hawajatembelewa, na mtumishi wa Mungu yuko bustanini anapaka chavua kwa brashi! Si swali la kudharau.

Jibu la kwanza ni kwamba ua halikumtoa Pemberton katika kazi yake. Alilitumikia kanisa lake mpaka nguvu zilipopungua. Jibu la pili limo katika kisa alichosimulia Hole. Aliwahi kualikwa na wafanyakazi wa mji wa Nottingham akawe mwamuzi wa mawaridi yao. Alikuta watu maskini wenye vibanda vidogo vya vioo, na akaambiwa kwamba usiku wa baridi kali waliondoa mablanketi vitandani mwao wakaifunika miwaridi. Mtu asiye na kitu ndiye aliyeona kwamba maisha si ugali peke yake. Maskini naye anahitaji kitu kizuri cha kukiangalia asubuhi, na Mungu aliyeumba muhogo ndiye aliyeumba waridi.

Lakini jibu hili lina mpaka wake. Bustani ikimfungia mchungaji mlango asisikie anayebisha hodi, imekuwa sanamu. Kila mmoja na aipime bustani yake, iwe ni maua, duka, shamba au kiti cha barazani.

MAFUNDISHO KWETU

Kwanza, kuna neno hapa kwa sisi tuliostaafu. Wengi tukipokea kiinua mgongo twajiona kama chombo kilichopandishwa mchangani, kinachongoja kuoza. Twakaa tukihesabu marafiki waliotangulia. Pemberton alikuwa na miaka 60 kazi yake kubwa ilipoanza kuonekana. Hakuianza bila maandalizi, maana mikono yake ilikuwa imejifunza tangu utoto. Lakini hata sisi mikono yetu inajua jambo. Aliyefundisha bado anajua kufundisha, na fundi wa mitumbwi bado anajua mbao.

Pili, kuna neno juu ya kurithisha. Katika makanisa yetu mara ngapi tumeona mzee anakaa na funguo, daftari na hesabu mpaka anazikwa, halafu vijana wanabaki hawajui hata mahali pa kuanzia? Kina Bentall hawakusubiri mazishi ndipo waonyeshwe kazi. Walikuwa kitaluni, wakishika kisu na mbegu mwenye ujuzi angali hai. Kwa hiyo Buff Beauty ni sifa ya Ann Bentall, na ni sifa ya Pemberton pia. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho juu ya apandaye na atiaye maji, na kwamba ukuaji watoka kwa Mungu. Wapanda bustani wanalielewa fundisho hilo upesi kuliko sisi wengine.

Tatu, tusidharau mahali padogo. Collier Row si Canterbury, kama vile mtaa wetu wa kando ya ziwa si kanisa kuu. Lakini mbegu haiulizi ukubwa wa mahali, huuliza udongo na maji.

Mwisho nina ombi dogo. Hapa bondeni joto ni kali kwa waridi, na petali hupukutika upesi kuliko kule Kasulu kwenye baridi. Hata hivyo mwaridi huota, ukipata jua la asubuhi, kivuli kidogo cha mchana, samadi iliyooza na maji shinani. Akina mama wa kanisa na vijana wakipanda hata mitatu karibu na ukuta wa kanisa, meza ya Bwana yaweza kupata ua lililo hai mahali pa yale ya plastiki. Nao wachague jekundu, lenye harufu.

Bwana atujalie kupanda hata yale tusiyotazamia kuyaona yakichanua. Amina.